Sheria ya Kutofanana

Nchi hiyo ipo, ila jina lake sitalitaja, maana wenyewe hawapendi kutajwa na mimi sipendi kutafutwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina viongozi wengi kuliko mitaa, na kila kiongozi ana udaktari usiotibu mtu. Mvua hunyesha kwa majira yake, mikutano hufanyika kila siku. Mtu akikwambia huko hakuna maendeleo, muulize kwanza amehudhuria mikutano mingapi.

Kwenye soko kubwa la mji mkuu wa nchi hiyo alikuwapo mwanamke aitwaye Siwatu Mgalu, muuza dagaa. Kizimba chake alikirithi kwa mama yake. Meza ile ile, mizani ile ile, hata harufu ilikuwa ya urithi, imeingia kwenye mbao na haitoki ng'o, usugue kwa majivu au usugue kwa sabuni. Kwa kizimba hicho Siwatu alilea wanawe, alimzika mama yake kwa heshima, aliezeka nyumba, na alikuwa hamwombi mtu chumvi. Humu nitasema mengi ya kuchekesha, lakini hilo la kizimba naomba msilisahau, kwa sababu Siwatu mwenyewe hakulisahau hata siku moja.

Mambo yalianza pale Waziri wa Biashara na Mitihani, Mheshimiwa Dokta Lufunga, aliporudi kutoka safari ya nje. Huko alikokwenda aliwakuta matajiri wengi wamepita chuo cha biashara. Hakuuliza zaidi. Alirudi na jibu la umaskini wa nchi nzima kwenye begi lake la mkononi, akaenda nalo moja kwa moja redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "imebainika kwamba sehemu kubwa ya biashara katika nchi yetu inafanywa na watu wasioijua biashara. Watu hawa wananunua bila nadharia na wanauza bila falsafa. Wengine wanapata faida kiholela. Serikali sikivu haiwezi kulifumbia macho jambo hili."

Ikatungwa sheria. Kila mwenye kizimba afanye mtihani wa kujiunga na Chuo cha Juu cha Biashara. Atakayefeli mara tatu, kizimba chake kinarudi serikalini ili kikabidhiwe kwa mtu mwenye sifa.

"Jirani," Siwatu aliitwa kutoka kizimba cha pili. Alikuwa Chubwa, muuza viatu vya mitumba, mtu wa utani mwingi na usingizi mwingi zaidi. "Hebu niambie, falsafa yako ya dagaa ni ipi?"

"Wakioza natupa."

"Basi umeshafeli."

Wakacheka. Siku hizo kicheko kilikuwa bado cha bure.

*

Serikali ile haina roho mbaya, jamani. Haikutaka raia wake waswagwe kwenye mtihani kama ng'ombe kwenye josho. Ikaunda Baraza la Majaribio, kazi yake kutunga mitihani ya kujipima, kuichapa kuwa vitabu na kuwauzia wenye vizimba. Mtihani wa kweli ulikuwa chini ya chombo kingine kabisa, Baraza la Mtihani Wenyewe. Mabaraza hayo yalikuwa kwenye jengo moja, la kwanza chini, la pili ghorofani, na mwenyekiti wa yote mawili alikuwa mtu mmoja, Dokta Makungu. Asubuhi alikaa chini, mchana alipanda juu. Kwa kuwa sheria ilikataza mabaraza hayo kuzungumza, Dokta Makungu alikuwa akijiandikia barua, na mara nyingi alikuwa hajijibu.

Siwatu alinunua Kitabu cha Majaribio. Ndani kulikuwa na hesabu tupu: faida, hasara, riba, asilimia ya hiki juu ya kile. Alikikomalia. Mteja akiondoka, yeye kichwa chini, anakokotoa kwenye karatasi za kufungia dagaa, hata wateja wakawa wanafika nyumbani na maswali ya riba yamelowa mafuta. Kila Jumamosi kulikuwa na majaribio ukumbini. Kengele inalia kwa wakati, feni zinazunguka, kila mtu na chupa yake ya maji. Siwatu alifanya vizuri. Soko zima lilifanya vizuri, hata Chubwa, aliyekuwa akilala nusu ya kila jaribio na kukokotoa nusu iliyobaki.

Matokeo ya majaribio yalipotoka, taifa likasherehekea. Waziri alitangaza kwamba kwa kufaulu majaribio nchi sasa ilikuwa inaongoza ukanda mzima, na waliofaulu wakagawiwa fulana zilizoandikwa kifuani NIMEFAULU KUJARIBU. Siwatu aliivaa, akacheza ngoma mbele ya kizimba chake, akawagawia majirani dagaa wa bure. Usimcheke. Ungekuwa wewe ungelala nayo.

*

Ikaja siku ya mtihani wenyewe.

Watahiniwa walikuwa ukumbini tangu asubuhi, kalamu zimechongoka, fulana zimepigwa pasi. Saa mbili kamili msimamizi akabonyeza saa kubwa ya ukutani, muda ukaanza kuhesabiwa. Karatasi hazikugawiwa.

"Samahani, mwanangu," Siwatu alimwita msimamizi. "Mbona muda unakwenda na sisi hatujapewa kitu?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi, mama. Mtihani hauwezi kufunguliwa bila mgeni rasmi."

"Sasa si usimamishe saa?"

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mama, hii ni shughuli ya serikali. Serikali haichelewi. Mtihani umeanza saa mbili."

Wakakaa. Jua likapanda, feni zikazimwa ili zisije zikachoka kabla Waziri hajafika. Alipotokea, kwaya ikaimba nyimbo tatu na kurudia ya kwanza. Dokta Makungu akamkaribisha mkuu wa wilaya amkaribishe mkuu wa mkoa amkaribishe Waziri. Waziri akasema yeye si mtu wa maneno mengi, na hapo ndipo maneno mengi yalipoanza. Alieleza umuhimu wa kutunza muda katika biashara. Alipokaa, makofi yakapigwa, karatasi zikagawiwa, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika za kuhesabika kwa vidole.

Siwatu akafungua yake akitafuta riba. Hakukuwa na riba. Hakukuwa na tarakimu hata moja. Swali la kwanza lilisema: Eleza. Swali la pili lilisema: Jadili kwa kina. La tatu lilikuwa refu kidogo: Linganisha, kisha usilinganishe.

Alitazama nyuma ya karatasi labda kuna maelezo. Palikuwa peupe. Basi kwenye Eleza akaeleza jinsi ya kuwaanika dagaa wakati wa masika, maana ndilo jambo pekee alilokuwa nalo la kueleza kwa haraka hiyo, na alikuwa bado hajawageuza upande wa pili kengele ilipolia.

Redio ilitoa matokeo kwa unyenyekevu mkubwa. Taifa limefanya vizuri sana kwenye majaribio, ilisema. Kwenye mtihani wenyewe imejitokeza changamoto ndogo ya watu wote kufeli.

*

Wenye vizimba walilalamika, na serikali, kama nilivyosema, ni sikivu. Baraza la Majaribio likakiri kwamba kitabu kilikuwa na upungufu, likatoa kipya, bei juu kidogo, chenye sura nzima ya Eleza na sura nzima ya Jadili. Juu ya hapo likaanzisha Majaribio ya Kusubiri.

Hayo yalifanyika ukumbini Jumamosi mchana, feni zikiwa zimezimwa. Mkufunzi aliwafundisha kukaa mgongo wima, miguu pamoja, mikono magotini, macho mbele. Kutazama saa ni kosa. Kupiga miayo ni kosa kubwa. Mzungumzaji anaponyamaza kumeza mate, piga makofi. Mwanzoni Siwatu kiuno kilimuuma mpaka akawa anashuka ngazi za ukumbi kinyumenyume. Lakini alikuwa na kizimba cha kukomboa, akajifunza. Mwisho wa mafunzo alitajwa kuwa msubiri bora wa kanda, akapewa cheti chenye muhuri.

"Jirani, sasa wewe ni msubiri wa kimataifa," alisema Chubwa.

"Acha hizo. Safari hii nakwenda kuelezea mpaka wakimbie."

Siku ya mtihani wa pili alifika na mapema yake, kajifunga kanga kiunoni kwa ajili ya mgongo, kabeba hata ndizi mbili za kusubiria. Alikuta ukumbi unafagiliwa.

"Mnaandaa?" aliuliza.

"Tunasafisha, mama," alijibu msimamizi yule yule. "Mtihani umekwisha."

Ikawa hivi. Mheshimiwa Waziri alipata habari kwamba wananchi wamefanya mazoezi ya kumsubiri. Akaona ni hatari kiongozi kutabirika. Isitoshe alikuwa na ndege ya kuwahi. Basi akaja alfajiri, akahutubia viti, akaufungua mtihani, akaufunga, akaondoka. Watahiniwa wote walifika kwa wakati na wote wakaandikwa watoro.

Siwatu alikaa kwenye ngazi za ukumbi. Kwa hasira hata ndizi zilimshinda, akampa mfagiaji. Alitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni mfagiaji tu, ambaye hakuwa na kosa. Ndiyo shida ya hasira ya nchi ile, haina pa kutua. Kizimba cha mama yake sasa kilikuwa kimebaki na mtihani mmoja.

*

Ukaitishwa mkutano wa hadhara sokoni. Dokta Makungu alikuja na kipaza sauti na hotuba iliyochapwa. Muda wa maswali ulipofika, Siwatu akanyoosha mkono kabla hotuba haijakunjwa.

"Mheshimiwa, mimi naomba kuelewa jambo moja tu. Tunajaribiwa hesabu, mnatuletea insha. Tunajaribiwa kusubiri, mnakuja alfajiri. Hayo majaribio na huo mtihani, vinahusiana vipi?"

Dokta Makungu akatabasamu. Ilikuwa wazi swali hilo alikuwa akiliombea.

"Mama yangu, nakushukuru sana. Havihusiani. Na kutohusiana huko si bahati mbaya, ni sheria." Akageukia umati. "Miaka ya nyuma, kwenye mitihani ya shule, kabla sijashika ofisi, swali la majaribio lilitokea kwenye mtihani. Likafanana neno kwa neno. Watu wakafaulu. Ilikuwa aibu ya taifa. Mtungaji alifungwa, na tangu hapo tunayo Sheria ya Kutofanana. Kila kitabu cha majaribio, kabla hakijachapwa, napanda nacho ghorofani. Huko nakikagua, na chochote kinachofanana na mtihani wenyewe nakiondoa. Kwa hiyo nawahakikishieni, wananchi wangu, hakuna hata neno moja mnalojaribiwa ambalo mtakuja kuulizwa. Usalama ni asilimia mia."

Umati ukapiga makofi, wengine kwa mazoea tu, maana alikuwa amenyamaza kumeza mate.

Siwatu hakupiga. Alirudi kizimbani taratibu, akavuta kigoda akakaa, akawa anawatazama dagaa bila kuwaona.

"Jirani," alisema. "Umemsikia yule bwana?"

"Nilisinzia pale kwenye aibu ya taifa."

"Amesema kinachofanana anakiondoa. Sasa si ina maana mtihani ni kile ambacho hakimo kitabuni?"

Chubwa aliweka chini kiatu alichokuwa akikipaka rangi. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alionekana macho kabisa.

Siku zilizofuata soko lilibadilika. Vitabu vya majaribio vilisomwa kama havijawahi kusomwa, ila kwa kutafuta kisichokuwamo. Muuza nyanya akagundua hakuna mahali panapotajwa usafirishaji. Fundi saa akagundua forodha hazimo. Siwatu akagundua kwamba kitabu kizima cha biashara hakina mteja, si aliyenunua wala aliyekopa. Wakagawana mapengo hayo, kila mtu akafundisha wenzake la kwake, wakakariri huku wakiuza. Siwatu alianza kulala vizuri. Aliisugua mizani ya mama yake mpaka ikang'aa, akawa anawaambia wanawe kwamba safari hii, Mungu akipenda, hakuna wa kumtoa pale.

Habari ikafika ghorofani.

Dokta Makungu aliongea redioni kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Kuna raia wachache, alisema, wasioitakia mema nchi, ambao wamekuwa wakisoma mambo ambayo hayakuandikwa. Huo ni uvujaji wa mtihani kwa njia ya ukimya, na vyombo husika vimeshajipanga kuudhibiti.

Udhibiti wenyewe ulikuwa rahisi. Kama kisichokuwamo ndicho kinachovuja, basi kila kitu kiwemo. Baraza la Majaribio likatoa kitabu cha tatu, na humo wakaweka hesabu, insha, usafirishaji, forodha, wateja wa kila aina, utabiri wa hali ya hewa, historia ya vifungo vya shati, na majina ya wake za mabalozi. Lilikuwa lidude la kubebwa kwa mkokoteni. Siwatu alililipia kwa faida ya msimu mzima, wapagazi wawili wakalishusha mbele ya kizimba, wateja wakawa wanalikanyaga ili waifikie mizani. Alilisoma lote. Sisemi kwamba alilielewa, lakini hakuna ukurasa ambao haukuguswa na kidole chake chenye mafuta ya dagaa.

*

Mtihani wa tatu na wa mwisho ulifanyika kwa utaratibu wa kupendeza. Mgeni rasmi hakuchelewa sana wala hakuwahi sana. Feni zilizunguka. Karatasi ziligawiwa zikiwa zimefungwa kwa lakiri nyekundu, na msimamizi akasema mnaweza kuanza.

Siwatu akavunja lakiri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe. Akafunua wa pili, mweupe. Akaugeuza, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa. Karatasi safi, haina hata jina la mtihani.

Akanyoosha mkono. "Mwanangu, nimepewa karatasi mbovu."

"Si mbovu, mama."

"Haina maswali."

Dokta Makungu mwenyewe akasogea, viatu vikilia. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza alionekana anamwonea huruma mtu, ingawa mtu huyo huenda alikuwa yeye mwenyewe. "Mama Siwatu," alisema kwa sauti ya chini, "ninyi ndio mmetufikisha hapa. Kitabu sasa kina kila kitu. Sheria inasema mtihani usifanane na kitabu. Sasa ulitaka nikuulize nini?"

Akaenda zake mbele.

Wengine walianza kuandika hesabu zao za riba hata hivyo, maana ingekuwa dhambi kuziacha ziozee kichwani. Chubwa aliiangalia karatasi yake, akaona imekaa vizuri kwa kulalia, akaiwekea shavu.

Siwatu alikaa na kalamu mkononi. Alimfikiria mama yake, ambaye hakujua kusoma na hakuwahi kumpunja mtu. Aliufikiria ule mkokoteni. Alizifikiria Jumamosi zote alizokaa mgongo wima akijifunza kutopiga miayo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kama hakuna aliyekuwa na swali kwake, yeye alikuwa nalo kwao. Akaandika kwa herufi kubwa, pole pole, akikandamiza mpaka karatasi ya chini ikachorwa:

Nimeuza dagaa tangu nikiwa msichana. Watu wamekula, wamerudi kununua tena. Ninyi mnanipima nini?

Akaikabidhi, akatoka kabla ya kengele.

*

Matokeo yalisema watahiniwa wote walioandika chochote wamefeli kwa kosa la kujibu wasichoulizwa. Aliyefaulu alikuwa mmoja, ambaye karatasi yake ilipatikana haina alama yoyote isipokuwa mate kidogo. Chubwa akavalishwa koja la maua, akapigwa picha na Waziri, akakabidhiwa barua ya kujiunga na Chuo cha Juu. Ndani ya barua kulikuwa na kanuni za chuo, na ya kwanza ilisema mwanafunzi haruhusiwi kujihusisha na biashara mpaka atakapohitimu. Kizimba chake kikachukuliwa siku ile ile kilipochukuliwa cha Siwatu.

"Jirani," alisema akifunga viatu vyake kwenye gunia, koja bado shingoni, "ningejua ningeandika hata jina."

Siwatu alikuwa anaifunga mizani ya mama yake kwenye kanga.

Vizimba havikukaa vitupu. Baraza la Majaribio lilikuwa na uhaba wa maduka, likafungua matawi. Siku moja Siwatu alipita sokoni, akakuta kizimba chake kimepigwa rangi ya bluu, kijana wa tai amesimama pale mama yake alipokuwa akisimama, mezani vitabu vipya vya majaribio vya mwaka unaofuata. Harufu ya dagaa ilikuwa pale pale. Kijana alikuwa amejifunga leso puani.

"Karibu, mama. Tuna toleo jipya. Limeongezwa maswali kutoka kwa wananchi."

Alikichukua akakifungua katikati, kwa mazoea tu. Macho yakamwangukia swali moja, akalisoma, akalirudia.

*Mnanipima nini? (a) Akili. (b) Subira. (c) Utii. (d) Yote yaliyotajwa hapo juu.*

Kisha akafunua haraka hadi nyuma, kwenye kurasa za majibu, akateremsha kidole. Mbele ya swali lake palikuwa pameandikwa: Jibu utalipata kwenye mtihani wenyewe.

"Huko halitakuwapo," alisema Siwatu, kama anajisemea. "Likishakuwa humu, huko halitakuwapo tena. Milele."

"Ni la majaribio tu, mama," alisema kijana. "Unanunua?"

Akakirudisha mezani. Akaondoka. Kesho yake asubuhi akarudi na gunia, akalitandika chini, mbele kabisa ya kizimba cha bluu, akapanga mafungu ya dagaa, akaweka mizani ya mama yake, akakaa. Wateja wake wa zamani walimwona kutoka mbali. Kufikia jua la utosi alikuwa amezungukwa, anapima, anachekeshana na watu, anaongezea mwenye watoto wengi, na kijana wa tai alikuwa hajauza hata kitabu kimoja.

Askari wa soko akaja.

"Mama, una cheti cha chuo?"

"Sina, afande."

"Sasa unafanyaje biashara?"

Siwatu alikuwa amelilalia jibu hilo. "Sifanyi biashara. Biashara yenyewe inafanywa na wenye vyeti. Mimi hapa najaribu tu."

Askari akakuna kichwa. Majaribio hayakuwa kosa katika nchi ile, kinyume chake, yalikuwa yakigawiwa fulana. Akalizunguka gunia. Akachuchumaa, akachukua dagaa mmoja, akatafuna.

"Hawa dagaa ni wa kweli?"

"Wa kweli."

"Na hawa watu wanakula?"

"Wanakula, afande. Wanarudi."

"Wanalipa?"

"Wanalipa."

Askari alisimama akajipangusa mikono. Alionekana kusikitika kweli, maana dagaa walikuwa wazuri. "Basi mama, inabidi twende. Majaribio yako yanafanana na biashara yenyewe."

Alipelekwa mahakamani mchana huo huo, kwa kosa la kuvunja Sheria ya Kutofanana, na mizani ya mama yake ikapelekwa kama kielelezo. Mpaka ninapowasimulia haya kesi haijaanza. Hakimu yupo, mashahidi wapo, gunia la dagaa lipo na linaanza kunukia. Wanamsubiri mgeni rasmi. Siwatu amekaa kwenye benchi ya washtakiwa, mgongo wima, miguu pamoja, mikono magotini, na karani amewaambia wenzake kwamba tangu aanze kazi pale hajapata kumwona mtu anayesubiri vizuri kama yule mama.